Samaki wa Chekeche

Kazini walimwita Mama Chekeche, na jina hilo lilimganda hata majirani wakalisahau lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa moja tu, na alikuwa ameifanya tangu mwanawe wa mwisho akiwa wa kubebwa mgongoni mpaka sasa mwana amemzidi urefu: kusafisha chekeche za kituo cha maji.

Mto ulipofika kituoni ulikutana na ukuta wa zege uliokatiza kutoka ukingo huu hadi ule. Maji yalizuiwa hapo, yakatulia, yakajaa, kisha yakageukia pembeni kwenye mfereji mpana. Mwisho wa mfereji ndipo zilipokuwa pampu, na pampu ndizo zilizoyasukuma hadi kwenye matangi ya mlimani, nayo yakateremka kwenye mabomba ya mji mzima. Lakini kabla ya kuzifikia pampu, maji yalipita kwenye nyavu kubwa za chuma zilizosimamishwa kama malango. Hizo ndizo chekeche. Kila kilicholetwa na mto kilinasa hapo: majani, vijiti, mifuko ya plastiki, kandambili za mguu mmoja, mara nyingine mpira wa watoto. Mama Chekeche alivaa buti zake za mpira, akashika reki yenye mpini mrefu, akakwangua, akavuta, akajaza toroli. Akichelewa kidogo tu, pampu zilianza kukohoa kama mzee mvuta tumbaku, na mji ukaanza kupiga simu.

Samaki nao walinasa. Maji yaliwavuta yakawabana kwenye chuma, na wengi walikuwa wameshakufa reki ilipowafikia. Hakuna aliyewahi kumwambia awapeleke wapi. Aliyemfundisha kazi, mama mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, alimwonyesha karai lililoning'inia ukutani akasema, "Hili ndilo litakalokulelea watoto, mshahara ni wa kodi." Na kweli. Mumewe alipoondoka akaenda kutafuta maisha na maisha yakamtafuta yeye, karai ndilo lililobaki. Watoto wake walikua kwa samaki wa chekeche, wa kukaanga, wa kuchemsha, wa kukausha juu ya bati, wakanenepa mpaka walimu wakawa wanauliza mama yao anafanya biashara gani.

Samaki mwenyewe, mara nyingi, alikuwa mpandamaji. Ndivyo watu wa mto ule walivyomwita, kwa kuwa mvua zikianza yeye huufuata mto kwenda juu, kinyume cha maji, akazae kwenye vijito vya milimani, kisha hurudi chini taratibu akiwa amekonda. Alikuwa na mapezi mekundu kwa mbali, na midomo minene iliyopinda chini kama ya mtoto aliyekataa dawa. Mama Chekeche aliijua midomo ile tangu utotoni, kwa sababu baba yake alikuwa mvuvi wa samaki huyohuyo, mbali huko chini, mto unakopanuka kati ya matete.

Miaka ikapita na karai likawa jepesi. Zamani lilijaa mpaka akagawia walinzi. Baadaye likawa nusu, kisha samaki wawili watatu, kisha wiki nzima ya majani matupu. Hakuuliza. Mtu akizoea kupewa haulizi anayetoa anatoa wapi, wala hashangai sana siku mkono unapokuja mtupu. Husema leo si bahati.

Baba yake ndiye aliyekuja kuuliza, ingawa hakuja kwa ajili hiyo. Alikuja kwa sababu huko chini mto ulikuwa umekuwa kijito, na kijito kikawa madimbwi. Alikuwa amekaa miaka akingoja samaki warudi, akimwambia kila mtu kwamba wamehama tu. "Samaki ana akili," alisema. "Akiona huku kubaya anakwenda kuzuri. Watarudi." Wenzake waliuza mitumbwi ikawa vyombo vya kulishia ng'ombe. Yeye aligoma kuuza wake, mpaka ulipopasuka kwa jua, ukawa hauuziki tena. Ndipo binti yake akamfuata, akamwambia, "Baba, twende. Kule nina chumba na sebule. Utalala sebuleni, usingizi ni ule ule."

Siku ya kwanza mjini alipewa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Akanywa, akanywa tena kama anayeonja mchuzi.

"Hii ni dawa mmetia," alisema.

"Wanatia, baba. Ya kuua vijidudu."

"Lakini chini ya dawa ni mto wangu. Naujua." Akakigeuza kikombe mkononi. "Mimi nilidhani umekufa, kumbe umehamia mjini. Ungeniambia ningeufuata mapema." Akacheka peke yake, na binti yake akacheka kwa adabu.

Mzee hakuwa mtu wa kukaa kitako. Ndani ya muda mfupi alikuwa ameshaziba matundu ya vyandarua vyote vya ua ule, kwa fundo la wavuvi lisilofunguka, na majirani wakawa wanamwita Fundi Chandarua. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mama mmoja mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, alimtania kwamba mbu wa mtaa mzima wamekwenda kumshtaki.

Jioni moja Mama Chekeche akarudi na furaha. Kwenye chekeche alikuwa amepata mpandamaji, mmoja tu, lakini wa maana. Alimkaanga vizuri, akampa baba yake upande wa kichwa kama heshima inavyotaka. Mzee aliitazama ile midomo iliyopinda. Uso ukamng'aa.

"Huyu umempata wapi, mama?" Alipokuwa na furaha alimwita binti yake mama.

"Kazini."

"Wanauza huko?"

"Hawauzi. Ananasa kwenye chekeche, baba, mimi nachukua. Ndivyo nilivyowalea hawa wajukuu zako."

Mzee akampindua samaki kwa vidole. Akaangalia tumbo, lilikuwa bapa na ngozi imelegea. Akakiweka chini kipande alichokuwa amekishika.

"Huyu alizaa msimu uliopita, akachelewa kushuka," alisema polepole. "Alikuwa anarudi kwangu."

Hakuna aliyetafuna tena.

"Mnawapata tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Wengi?"

"Zamani wengi. Sasa hivi hawapo."

Mzee akatikisa kichwa, kidogo kidogo, kama mtu anayejumlisha. "Na mimi nimekaa mtumbwini miaka yote hiyo, nasema watakuja kesho. Kumbe wameshaingia kwenye sufuria ya binti yangu." Kisha akauona uso wa mwanawe, naye alikuwa baba kabla ya kuwa mvuvi. Akanyoosha mkono, akamega kipande kikubwa, akakitia mdomoni. "Haya, kuleni. Angalau hawakuliwa na watu baki."

Mama Chekeche aliosha vyombo kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Alijua hajaiba. Kazi ile angekuwa nayo mwingine, samaki wangekufa vilevile, na angewala mwingine. Aliyasema hayo yote moyoni, na yote yalikuwa kweli, wala hayakumsaidia. Alimkumbuka baba yake akimtumia ujumbe kwamba msimu ule umekuwa mbaya, na yeye akimrudishia vijipesa kidogo kwa huruma, siku ileile karai likiwa limejaa.

Asubuhi mzee akavaa kofia yake akasema wanakwenda wote.

Kipindi hicho mvua zilikuwa zimeanza, lakini zilianza kwa uchoyo. Miaka ya nyuma mvua za kwanza ziliufanya mto uruke ukuta. Katikati, mahali ukuta ulipoinama kidogo, maji yalimwagikia kwenye mteremko wa mawe, na mpandamaji alipanda mteremko huo kwa kujirusharusha mpaka akavuka. Sasa mji ulikuwa umeongezeka, mitaa imepanda milima, na kituo kikawa kimeweka pampu nyingine mpya. Maji yaliyokuja yote yaliingia mferejini. Juu ya ukuta palikuwa pakavu, mjusi akiota jua.

Mzee hakuzitazama pampu wala chekeche. Alizunguka upande wa chini wa ukuta, akashuka kwenye mawe, akachuchumaa. Mama Chekeche alifanya kazi miaka yote upande wa juu, na kwa kweli huko chini hakuwa na haja ya kwenda. Alimfuata kwa hofu kwamba atateleza.

Chini ya ukuta palikuwa na dimbwi, na dimbwi lilikuwa hai. Wapandamaji walikuwa wamejazana humo, migongo nje, wakizunguka, wakirudi nyuma, wakijitupa kwenye ukuta. Sauti yao ilikuwa kama ya mtu anayepiga nguo kwenye jiwe. Mmoja alijirusha, akagonga zege, akaanguka; akajirusha tena palepale. Matumbo yao yalikuwa yamejaa mayai.

"Wamesikia harufu ya mvua," mzee alisema. "Wamekuja kwa madimbwi, dimbwi kwa dimbwi, wamefika mlangoni. Mlango umefungwa."

Mtu aliyevua maisha yake yote, akiona samaki wengi namna ile dimbwini, mkono wake unajua pa kwenda. Mkono wa mzee ulikwenda kwenye ndoo ya kazi ya binti yake. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Akawakamata kwa mikono, kwa upole, akiwashika nyuma ya kichwa, akajaza ndoo, akapanda nayo ukingo kwa magoti yanayolia, akawamwaga upande wa juu wa ukuta. Kisha akashuka tena. Mama Chekeche alisimama akiwa na reki mkononi, hajui acheke au alie. Halafu akaitupa reki, akachukua karai.

Hivyo ndivyo msimamizi alivyowakuta. Huyu walimwita Bwana Presha, kwa sababu mbili: ya mabomba, ambayo hakuacha kuizungumzia, na ya damu, ambayo alikunywa dawa zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeamshwa na simu za mji mzima.

"Mzee!" aliita kutoka juu. "Hapa si mahali pa kuvulia! Nani amekuruhusu? Mama Chekeche, na wewe?"

Mzee alipanda na ndoo yake hadi aliposimama msimamizi, akaiinamisha juu ya maji, samaki wakatumbukia wakapotea. Akamwonyesha ndoo tupu. Bwana Presha akatazama ndoo, akatazama dimbwi, akatazama suruali ya mzee iliyolowa hadi kiunoni. Akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Asianguke tu hapa," alimwambia Mama Chekeche kwa sauti ya chini. "Nitaandika nini mimi?" Akaenda zake ofisini.

Walibeba mpaka jioni. Njiani kurudi nyumbani mzee alikuwa hoi, lakini alikuwa akipiga mluzi.

Kesho yake Mama Chekeche alitangulia, kwa kuwa mzee alikuwa anajinyoosha mgongo. Alipofika kwenye chekeche akaona wekundu. Mwanzoni alidhani ni kitambaa. Kisha akaona ni mapezi. Chuma kilikuwa kimefunikwa na samaki, safu juu ya safu, zaidi ya aliowaona kwa miaka. Na matumbo yao hayakuwa bapa. Hawa hawakuwa wanarudi kutoka kuzaa. Hawa ni wale wa jana. Waliwamwaga karibu mno, na maji yaliwabeba samaki waliochoka yakawaingiza moja kwa moja mferejini.

Toroli lilikuwa karibu. Angeweza kuwatia humo, akafunika na majani, na mzee asingejua. Alilifikiria hilo kwa dhati. Alisikia mluzi ukija kwenye njia ya kokoto, na kila ulivyokaribia aliona jinsi ilivyo rahisi. Lakini miaka yote alikuwa amewatoa samaki hawa kimya kimya, akawabeba kimya kimya, na kimya hicho kilikuwa kimeshamlia baba yake mto mzima.

"Baba, usije mbio," alisema. "Njoo polepole uone."

Mzee akaona. Aliketi kwenye ukingo wa mfereji, miguu inaning'inia kama mtoto. Alimtazama binti yake akiwatoa wote. Kisha akasema, "Nimevua maisha yangu yote. Siku niliyoua wengi kuliko zote ni jana."

Bwana Presha alikuwa amekuja, amesimama nyuma yao. Sijui ni maneno yale au ni ule wekundu kwenye toroli, lakini alirudi ofisini akatafuta namba ya simu aliyokuwa ameachiwa zamani na watu wa idara ya samaki, ambao aliwahi kuwafukuza kwa upole akisema kituo hakina samaki.

Aliyekuja ni msichana mtaalamu, mwenye buti zinazofanana na za Mama Chekeche, na yeye bila kuuliza akaingia dimbwini. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika.

"Babu," alimwambia mzee, "mimi samaki huyu namtafuta tangu nianze kazi. Nimewahi kumwona mmoja, kwenye chupa ya maabara."

"Wengine wamehamia wapi?" mzee aliuliza. Lilikuwa swali la kweli. Alikuwa amelibeba kutoka nyumbani.

Msichana alisita. "Hawajahama, babu. Wameisha. Hawa ndio hao waliobaki, labda na wachache huko juu. Mto ukikatika hapa, wa chini hawapandi kuzaa, na wa juu hawashuki kukua. Ndivyo wanavyokwisha."

Mzee alivua kofia. Akaikunja, akaikunjua. Mtu huweza kuacha mtumbwi, akaacha nyumba, lakini ile "watarudi" yake aliibeba hadi mjini, na hapo mbele ya watu aliiweka chini. Mama Chekeche akamshika kiwiko.

Kuhusu la kufanya, msichana alisema mambo mawili. Samaki wa dimbwini wapelekwe mbali juu, penye kona, ambapo mvuto wa pampu haufiki. Hilo walilifanya kwa mapipa na mkokoteni wa kituo, na walinzi wakasukuma. La pili lilikuwa gumu zaidi. Chini ya ukuta kulikuwa na mlango mdogo wa chuma, uliowekwa na wajenzi makusudi ili mto usikatike kabisa. Ulifungwa mwaka mmoja wa ukame, kwa muda tu, na muda ukawa miaka. Msichana alitaka ufunguliwe msimu wote wa mvua, na pampu mpya ipumzike kwa majuma hayo, ili maji yaruke ukuta.

"Na mji utakunywa nini?" Bwana Presha aliuliza. "Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Wewe una samaki, mimi nina watu. Nikipunguza pampu, mitaa ya mlimani inapata maji siku moja, inakosa siku mbili."

"Mimi naishi mlimani," Mama Chekeche alisema.

Wote wakamgeukia, na yeye mwenyewe akashtuka kwamba amesema.

"Siku moja kwa mbili tunaweza," akaendelea. "Si vizuri, lakini tunaweza. Hawa hawawezi."

Bwana Presha alipumua kwa nguvu, akagusa mfuko wa shati alikoweka dawa zake. Kisha akaita mtu wa grisi. Usukani wa mlango ule ulikuwa umeshikana na kutu. Waliutia grisi, wakaupiga nyundo, wakautukana, na mwisho wanaume watatu na Mama Chekeche wakaning'inia juu yake kwa uzito wao wote. Ulilia kama mnyama, ukazunguka. Maji yakatoka chini ya ukuta, kwanza meusi ya matope, kisha ya kahawia, na dimbwi likaanza kutembea.

Bomba la uani lilikauka siku ya pili. Ndoo zikapangwa mstari, na maneno yakapangwa nyuma yake. Wengine walisema bomba limepasuka, wengine wakasema wakubwa wameyaelekeza maji kwao. Mama Chekeche alisimama na ndoo yake katikati ya mstari, anajua, na amenyamaza. Buti zake za kazi zilimbana kuliko kawaida.

"Wewe si unafanya kazi huko?" fundi cherehani alimgeukia. "Kuna nini? Nina vitambaa vya watu vya kufua kabla ya kupima na kukata."

Angeweza kusema sijui, mimi ni wa kukwangua majani tu. Badala yake akaeleza yote, dimbwi, mayai, mlango, pampu, na samaki wa kwenye karai pia, ingawa hilo hakuna aliyemuuliza. Kisha pakachafuka.

"Yaani samaki anaoga, mimi siogi?" fundi cherehani alipaza sauti. "Mimi, mwenye miguu!"

Watu wakacheka, lakini kicheko chenye meno. Mwanamume mmoja akasema atakwenda kumla huyo samaki kwa mikono yake. Mwingine akamwambia Mama Chekeche kwamba shibe yake ya miaka yote sasa wanailipia wao. Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mzee alikuwa amekaa mlangoni na chandarua cha mtu mapajani. Akasema, bila kuinuka, "Maji mnayokunywa nyinyi, mimi nilikuwa naishi juu yake. Sikuwahi kuambiwa yanakwenda wapi. Niliona tu yanapungua." Akavuta uzi. "Nyinyi angalau mmeambiwa."

Fundi cherehani aliweka mikono kiunoni. Alimtazama mzee, akamtazama Mama Chekeche. "Tumeambiwa leo, mzee. Mngetuambia juzi ningejaza pipa." Na huo ndio ulikuwa ugomvi wake halisi. "Mtu haonewi na kiu, anaonewa na kutoambiwa. Kesho yapo au hayapo?"

"Hayapo. Yapo kesho kutwa."

"Basi nimejua. Nitafua kesho kutwa."

Kesho yake Mama Chekeche alikwenda ofisini kwa Bwana Presha, mahali alipozoea kuingia na ufagio tu, akamwambia watu watangaziwe siku zao. Wakatangaziwa. Malalamiko hayakuisha, ila yalibadilika sura. Watu walilalamika huku pipa limejaa.

Malalamiko yalifika pia kwa wakubwa. Bwana Presha aliitwa makao makuu, akakaa huko siku nzima, akarudi amevua tai. Alikuwa amepata karipio na amepata nusu ya alichoomba. Mlango ungefunguliwa majuma ya mvua. Kiangazi ungeachwa wazi upana wa kiganja, si zaidi. Pampu mpya ingepumzika mvua zikiwa nzuri. Zikiwa mbaya, mji kwanza. Ngazi za zege za samaki, alizochora yule msichana, ziliwekwa kwenye orodha ya mambo ya baadaye, na kila mtu anaijua orodha hiyo. Msichana alisema hajui kama inatosha. Hakuwadanganya.

Katika majuma yale maji yaliruka ukuta mara chache, siku mvua ilipopiga sawasawa huko juu. Mama Chekeche alikuwapo moja ya siku hizo. Aliwaona wakipanda mteremko wa mawe, mmoja mmoja, wakijitupa, wakipumzika nyuma ya jiwe, wakijitupa tena. Si wengi. Alisimama kwenye mvua mpaka mlinzi akamletea mwavuli, akausahau mkononi bila kuufungua.

Mzee alirudi kwake. Alisema anakwenda kutazama tu, lakini alibeba kofia zake zote mbili. Baadaye alipiga simu kwa kuazima ya mtu, akipaza sauti kama anaita ng'ambo.

"Maji yamefika!"

"Mengi, baba?"

"Ya kifundo cha mguu. Lakini yanakwenda. Hayajasimama, yanakwenda."

"Na samaki?"

"Samaki sijaona." Upepo ulivuma kwenye simu. "Sijaona, mama. Nimeona maji. Leo inanitosha." Hakurudi mjini. Alibaki huko akishona vyandarua, na msichana wa idara ya samaki akawa anampitia akienda kupima mto, wanakunywa chai wakibishana.

Mama Chekeche aliendelea na reki yake. Samaki aliyekufa alimpeleka nyumbani, maana chakula hakitupwi, ila alimla kwa namna nyingine sasa, polepole, na watoto wakashangaa kwa nini mama hasemi wakati wa kula. Aliyekuwa bado anapumua alimtia kwenye ndoo, akazunguka naye upande wa chini wa ukuta, akamwachia.

Mwaka uliofuata Bwana Presha akahamishwa, akaja msimamizi mwingine, kijana mwenye shati lililonyooshwa, anayetembea haraka. Siku ya kwanza alikagua kituo chote. Akafika kwenye ule mlango mdogo wa chuma, akaona maji yakitoka chini yake, akauliza kwa nini maji ya watu yanamwagika bure. Akashika usukani.

"Hayamwagiki, bosi," Mama Chekeche alisema. Akaegemeza reki yake ukutani, akavua glavu, akamweleza tangu mwanzo. Kijana alimsikiliza huku mkono bado uko kwenye usukani. Alipomaliza, akauondoa, akasema atafikiria.

Siku iliyofuata akauliza tena, na Mama Chekeche akaegemeza reki yake, akamweleza tena.